Kliniki ikikwambia "asilimia 60": soma namba za upandikizaji mimba kabla hujapanda basi la Dar

Wanandoa wengi wa Tabora wameacha kuuona upandikizaji mimba, yaani yai kurutubishwa maabara kisha kuwekwa kizazini, ambao wengi tunauita IVF, kama jambo la watu wa Ulaya. Vipeperushi vinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, matangazo yanasikika redioni, na karibu kila tangazo lina namba yake: mafanikio asilimia 50, asilimia 60, wengine hadi 70. Mkulima wa Urambo anasubiri malipo ya tumbaku, mfugaji nyuki wa Sikonge anauza asali, mwalimu wa Nzega anachukua mkopo benki, na wote wanasafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam wakiwa na namba hiyo moja kichwani.

Namba hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa, na bado isikuhusu wewe.

Kila asilimia imetokana na kugawanya. Juu wapo waliofanikiwa, chini wapo waliohesabiwa. Tangazo halikuambii nani kawekwa juu na nani kaachwa nje huku chini. Mkulima wa tumbaku hahesabu mavuno kwa miche iliyochipua kitaluni, anahesabu marobota yaliyopimwa sokoni. Nawe hesabu hivyo hivyo. Swali lako ni hili: katika kila wanawake 100 wa umri wangu walioanza sindano za kukuza mayai hapo kwenu, wangapi walirudi nyumbani na mtoto aliye hai? Hatua zinazofuata ni za kukufikisha kwenye jibu la swali hilo.

Hatua ya 1: Jijueni ninyi wawili kwanza

Namba za kliniki hazina maana mpaka ujue uko kundi lipi. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ugumba ni kukosa mimba baada ya miezi 12 ya kukutana mara kwa mara bila kinga. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 asisubiri mwaka mzima, aende hospitali baada ya miezi 6. Shirika hilo lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 duniani hukutana na tatizo hili wakati fulani wa maisha yake, kwa hiyo hamko peke yenu na wala hamjarogwa.

Anzeni na mwanaume. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu kwetu mke huzungushwa miaka mingi kwa waganga, akipigwa picha na kunyweshwa dawa, huku mume hajatoa hata tone la mbegu kupimwa. Tatizo la upande wa mwanaume huchangia karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto. Kipimo cha mbegu ni rahisi, hakina maumivu, na kinataka tu mwanaume awe hajakutana na mke wala kumwaga kwa siku 2 hadi 7. Majibu yakiwa mabaya, kirudiwe baada ya wiki kadhaa, kwa maana mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuwa imeziharibu. Kaka anayechoma sindano za testosteroni ili ajenge mwili amweleze daktari bila kuficha, kwani sindano hizo zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu.

Kwa mwanamke, mambo ya kujua ni manne: umri wake, akiba ya mayai (ultrasaundi ya ovari na kipimo cha damu kiitwacho AMH), hali ya mirija, na hali ya kizazi chenyewe. Mirija ni jambo zito kwetu Afrika. Maambukizi ya zamani kama kisonono na klamidia, au uchafuzi wa kizazi baada ya kujifungua au mimba kutoka, huacha makovu yanayoziba njia. Na hapa kuna jambo linalogusa moja kwa moja asilimia yako: mrija ulioziba ukajaa maji hupunguza nafasi ya upandikizaji kufanikiwa hadi karibu nusu, kwa sababu maji yale hurudi kwenye kizazi. Kuutoa au kuufunga mrija huo kabla ya kuanza hurudisha nafasi iliyopotea. Uvimbe wa fibroidi uliochomoza ndani ya nyumba ya mtoto nao hushughulikiwa kwanza. Kliniki inayokuanzishia sindano bila kuangalia mambo haya mawili, mimi nisingeipa pesa yangu.

Muulizeni daktari wa wanawake pale Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete, au Nkinga kwa walio upande wa Igunga, ni vipimo vipi vinafanyika hapo kwa sasa. Kila kipimo unachokamilisha nyumbani ni siku moja ya gesti uliyoiokoa Dar, na majibu yote yawekwe kwenye faili moja pamoja na picha zake.

Hatua ya 2: Zijue ngazi za safari yenyewe

Huwezi kuuliza vizuri kama hujui watu hupotelea wapi. Mwanamke huchomwa sindano za homoni kwa siku kama 8 hadi 14 ili mayai mengi yakue kwa pamoja. Hufuata sindano ya kuyakomaza, na saa 34 hadi 36 baadaye mayai huvunwa kwa sindano ndefu inayoongozwa na ultrasaundi. Maabara huyachanganya na mbegu; pale mbegu zilipo dhaifu, mbegu moja huingizwa ndani ya yai moja kwa njia inayoitwa ICSI. Yai lililorutubika, ambalo sasa huitwa kiinitete, hulelewa siku 3 au 5, kisha kimoja au viwili huwekwa kwenye kizazi, na vinavyobaki hugandishwa. Kipimo cha damu hufanyika baada ya siku kama 10 hadi 14. Mapigo ya moyo huonekana kwenye ultrasaundi mimba ikiwa na wiki 6 au 7.

Kila ngazi ina wanaobaki nyuma. Katika mayai 10 ya mwanamke kijana, kama 8 huwa yamekomaa, 5 au 6 hurutubishwa, na 2 au 3 ndiyo hufika siku ya tano. Mwambie mumeo hesabu hii mapema, ili siku mtakayoambiwa "tumepata mayai 10" msianze kuhesabu watoto 10.

Hatua ya 3: Uliza juu kuna nini na chini kuna nini

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wote, kwa hiyo tukae hapa. Chukua kliniki ya mfano, namba zake ni za kufundishia tu. Wanawake 100 wameanza sindano. 10 wamesitishwa njiani kwa sababu ovari hazikuitikia dawa. 90 wamevunwa mayai. 80 wamepata kiinitete kikawekwa. Wale 10 wengine mayai hayakurutubika au viinitete vilikufa. Kati ya 80, kipimo cha damu kimesema ndiyo kwa 40. Mapigo ya moyo yameonekana kwa 34. Waliojifungua mtoto hai ni 29.

Sasa tazama namna kliniki hiyo hiyo, mwaka huo huo, inavyoweza kutangaza bila kusema uongo:

- Waliopima wakakuta mimba, 40 kati ya 80: asilimia 50.
- Walioonekana na mapigo ya moyo, 34 kati ya 80: karibu asilimia 43.
- Waliojifungua, kati ya waliowekewa kiinitete, 29 kati ya 80: asilimia 36.
- Waliojifungua, kati ya wote walioanza, 29 kati ya 100: asilimia 29.

Ukiwatoa kwenye hesabu wanawake waliozidi miaka 38, ile 50 inaweza kusogea hadi 60 bila mtoto hata mmoja kuongezeka. Tofauti kati ya 60 na 29 ni ya uhesabuji tu. Maabara ni ile ile, madaktari ni wale wale.

Tofauti kati ya "kipimo kimesema ndiyo" na "mtoto" si ndogo. Mimba nyingine huonekana kwenye damu kwa siku chache kisha hupotea kabla ya ultrasaundi kuona chochote. Nyingine hutunga nje ya kizazi, jambo linalotokea hata kwa IVF, na maumivu makali upande mmoja wa tumbo ni ya kukimbiliwa hospitali usiku huo huo. Nyingine hutoka, na hatari hiyo hupanda kadiri umri wa mama unavyopanda.

Ukipiga simu, mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

— Sista, habari za kazi. Nimeona tangazo lenu la asilimia 60. Hao ni waliokuta mimba au waliojifungua?

— Ni waliopata mimba, dada.

— Asante. Na waliojifungua mtoto hai ni asilimia ngapi?

— Hiyo mpaka umuulize daktari.

— Sawa, nitaomba aniandikie. Hiyo 60 mmehesabu kuanzia walioanza sindano, au waliowekewa kiinitete peke yao?

Huhitaji ukali. Sauti ya heshima na swali lililonyooka vinatosha. Kliniki yenye kumbukumbu nzuri hujibu swali la pili bila kutafuta, maana hesabu hizo wanazo kila mwezi.

Hatua ya 4: Omba namba za umri wako

Umri wa mwanamke, hasa umri wa yai, ndio unaobeba uzito mkubwa kuliko jina la kliniki, mashine zake au digrii za daktari. Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote. Idadi na ubora wake hushuka pole pole, kisha kwa kasi baada ya miaka 35.

Uingereza ina chombo cha kisheria cha kusimamia kliniki hizi, HFEA, kilichoanza kazi mwaka 1991, na kila kliniki inalazimika kupeleka taarifa zake huko. Kwa mwaka 2019, kila kiinitete kimoja kilichowekwa kwa mwanamke kilileta mtoto hai kwa viwango hivi:

- Chini ya miaka 35: asilimia 32
- Miaka 35 hadi 37: asilimia 25
- Miaka 38 na 39: asilimia 19
- Miaka 40 hadi 42: asilimia 11
- Miaka 43 na 44: asilimia 5
- Zaidi ya 44: asilimia 4

Hizo ni za nchi yenye maabara za miaka mingi na umeme usiokatika, na chini ya mstari zimeweka viinitete vilivyofika kizazini, si wanawake walioanza sindano. Zitumie kama rula ya kupimia maneno unayoambiwa. Mama wa miaka 43 akiahidiwa asilimia 60, kuna jambo moja ambalo huenda halijatajwa: mayai ya kuchangiwa. Yai likitoka kwa binti wa miaka 25, nafasi hufuata umri wa binti yule, na hata mama wa miaka 45 anaweza kupata matokeo ya kijana. Ni njia halali kwa wanaoikubali, lakini ni uamuzi mkubwa wa imani, ukoo na dhamiri, na mtu asiingizwe humo kwa asilimia iliyochanganywa. Uliza waziwazi: namba hizi ni za mayai ya mama mwenyewe, au mmechanganya?

Kuna jambo linaloniuma hapa. Miaka inayotumika kuzunguka kwa waganga au kusubiri mume akubali kupimwa, mwanamke huilipa kwa asilimia zake. Aliyeanza kutafuta mtoto akiwa na 31 akafika kliniki na 41 ameshuka kutoka mstari wa kwanza wa orodha ile hadi wa nne, na hakuna dawa ya kumrudisha.

Hatua ya 5: Uliza ni wanawake wangapi

Saba kati ya 10 ni asilimia 70. Sabini kati ya 100 ni asilimia 70 pia. Lakini kliniki iliyowahudumia 10 tu, kwa bahati peke yake, uwezo wake halisi unaweza kuwa popote kati ya asilimia 35 na 93. Ile ya 100 iko kati ya 60 na 79 hivi. Kwa hiyo kliniki mpya yenye wagonjwa wachache si lazima iwe mbaya, ila namba yake bado haijatulia, na tofauti ya asilimia tano kati ya kliniki mbili ndogo usiisafirie.

Hatua ya 6: Tambua njia zinazopandisha namba bila kukusaidia

Ya kwanza ni kuchagua wagonjwa. Kliniki inayowakataa wenye mayai machache au waliozidi 40 itakuwa na namba nzuri kuliko inayowapokea, hata kama maabara ya pili ndiyo bora. Uliza: mnampokea nani, na nani mnamrudisha?

Ya pili ni kuweka viinitete vingi kwa wakati mmoja. Hii nataka uielewe vizuri, kwa sababu kwetu pacha ni furaha na mtu akisikia "tutaweka vitatu" anaona amependelewa. Mimba ya pacha au watatu huleta watoto njiti, shinikizo la damu kwa mama, damu nyingi wakati wa kujifungua, na upasuaji. Mtoto wa kilo moja na nusu aliyezaliwa wiki ya 31 anataka huduma ya njiti ya saa zote, na mama anayekaa kijijini Kaliua atafika huko akiwa amechelewa. Uingereza ilishusha uzazi wa zaidi ya mtoto mmoja kwa IVF kutoka karibu asilimia 28 miaka ya 1990 hadi asilimia 6 mwaka 2019, hasa kwa kuweka kiinitete kimoja na kugandisha vingine. Waulize mara ngapi wanaweka kimoja, na wangapi kati ya wateja wao huzaa pacha. Na katika hesabu yao, je, pacha wamehesabiwa kama kujifungua mara moja au mafanikio mawili?

Ya tatu ni kujumlisha majaribio. "Asilimia 66 ya wateja wetu hupata mtoto" inaweza kuwa hesabu ya mizunguko mitatu. Nafasi ikiwa asilimia 30 kila mara, baada ya mzunguko wa kwanza ni 30, wa pili 51, wa tatu karibu 66. Hesabu hii inafaa sana kupangia, mradi ujue ni ya mara tatu, na kwamba inadhani nafasi haibadiliki. Mtu aliyeshindwa mara mbili mara nyingi ana sababu iliyojificha, kwa hiyo mara ya tatu haina uhakika wa kufanana na ya kwanza. Tena wengi huishiwa pesa baada ya mara moja.

Ziko pia huduma za nyongeza: kukwaruza utando wa kizazi, dripu za kinga, gundi ya kiinitete na nyinginezo. HFEA huzipanga kwa rangi kulingana na ushahidi wake, na nyingi hazijathibitishwa kuongeza watoto kwa mgonjwa wa kawaida. Ukipewa orodha yenye bei kando, uliza kwa kila moja: bila hii, nafasi yangu inapungua kwa kiasi gani, na mmejuaje?

Hatua ya 7: Uliza wanajuaje kama ulijifungua

Swali hili sijaliona kwenye vipeperushi, na kwa mtu wa Tabora au Kigoma naliona zito kuliko mengine. Fikiria mama aliyepandikizwa Dar es Salaam. Akionekana na mapigo ya moyo anarudi nyumbani kwa basi au treni ya reli ya kati, kliniki ya wajawazito anahudhuria kwao Isevya au Ng'ambo, na anajifungulia Kitete. Kliniki ya Dar itajuaje kama mtoto alizaliwa hai? Itajua kwa kumpigia simu, hakuna njia nyingine. Kliniki isiyofuatilia huishia kuhesabu mapigo ya moyo na kudhani yaliyobaki, na sisi tunaotoka mbali ndio tunaopotea kwenye daftari lao.

Marekani sheria ya mwaka 1992 iliagiza matokeo ya kliniki yachapishwe, na kila mtu anaweza kuyasoma. Afrika ipo sajili ya hiari iitwayo ANARA, ambayo kliniki hupeleka taarifa zikitaka. Muulize daktari kama kliniki yake inapeleka. Jibu la ndiyo haliongezi mayai, lakini linaonyesha watu waliozoea kuhesabiwa.

Ukishayapanga haya, tuma ujumbe mmoja kwa kliniki mbili au tatu, ule ule, ili majibu yafanane:

"Habari za kazi, Daktari. Tunaishi Tabora. Nina miaka 36, mirija yote miwili imeziba, haina maji. Mbegu za mume wangu zimepimwa ni nzuri. Tunaomba majibu haya kabla ya kusafiri. Mwaka juzi, wanawake wangapi wa miaka 35 hadi 37 walianza sindano kwenu kwa mayai yao wenyewe? Wangapi waliwekewa kiinitete? Wangapi walijifungua mtoto hai? Wangapi walijifungua pacha? Wangapi hamjui walikoishia? Na gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa, ICSI, kugandisha na kuhifadhi?"

Angalia nimeandika mwaka juzi. Waliopandikizwa miezi ya mwisho ya mwaka jana huenda bado wana mimba, kwa hiyo hesabu ya watoto haijafungwa.

Majibu yakija kwa maandishi, hata yakiwa ya chini kuliko ulivyotarajia, mpe daktari huyo alama. Daktari anayekuandikia "kwa umri wako ni kama 24 kati ya 100" amekuheshimu kuliko anayekwambia "usijali mama, Mungu ni mwema, njoo tu".

Hatua ya 8: Igawanye pesa kwa nafasi

Chukua gharama zote za mzunguko mmoja, pamoja na nauli ya wawili, chumba cha wiki mbili au tatu, chakula, na mapato mtakayokosa. Gawanya kwa nafasi ya mtoto. Kwa mfano, kliniki ya kwanza jumla ni milioni 17 na nafasi ni 30 kati ya 100. Ya pili ni milioni 13 na nafasi ni 20 kati ya 100. 17 ukigawa kwa 0.30 unapata karibu milioni 57. 13 kwa 0.20 ni milioni 65. Ya bei nafuu imegeuka kuwa ghali. Namba ni za mfano, wewe weka zako.

Kisha mjiulize kama mna uwezo wa mzunguko wa pili. Kama pesa ni ya mara moja tu na shamba ndilo litauzwa, nafasi ya 30 kati ya 100 maana yake 70 kati ya 100 mtarudi bila mtoto na bila shamba. Liwekeni hilo mezani kabla ya kuuza. Waulizeni pia watoa bima wenu, na mpate jibu kwa maandishi, nini hulipiwa na nini hakilipiwi.

Baadhi ya sindano zinatakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kama mtaanzia nyumbani, panga kikasha chenye barafu na friji yenye uhakika siku umeme ukikatika, ama anzieni huko huko mjini. Baada ya kuvunwa mayai usikimbilie basi la alfajiri. Tumbo likivimba haraka, pumzi ikibana au mkojo ukipungua, ovari zinaweza kuwa zimeitikia dawa kupita kiasi, na hapo unatakiwa uwe karibu na waliokuhudumia.

Hatua ya 9: Waelezeni waliochanga

Pesa ikitoka kwa ukoo, ukoo utauliza. Asilimia huwachanganya wazee, kwa hiyo tumieni watu: "Mama, ndoa kumi kama yetu zikienda, tatu zinarudi na mtoto. Sisi tunaweza kuwa kwenye zile tatu au zile saba, na zile saba hazikukosea kitu." Mume ndiye aseme maneno haya kwa mama yake, mbele ya mkewe. Yakisemwa kabla ya safari, mawifi hawatakuwa na cha kumnyoshea kidole wifi yao siku ya majibu.

Hatua ya 10: Baada ya kurudi

Usijipime kwa mkojo mapema. Sindano ya kukomaza mayai ina homoni ile ile ya mimba kwa wengi wetu, na inaweza kukuonyesha mistari miwili kwa siku kadhaa bila mimba yoyote. Subiri tarehe ya kipimo cha damu, na usiache dawa ulizopewa kwa sababu umeona matone ya damu mpaka uongee na kliniki.

Ondoka kliniki na karatasi hizi mkononi: dozi za dawa ulizotumia, mayai mangapi yalivunwa, mangapi yalikomaa na kurutubika, viinitete vingapi viliwekwa na vya siku ya ngapi, vingapi vimegandishwa na ada ya kuvihifadhi inalipwa lini. Mzunguko ukishindikana, karatasi hizo ndizo daktari mwingine atakazozisoma ili asirudie yale yale. Na iwe mmejaliwa au hamkujaliwa, wapigie kliniki wakati wa kujifungua ungekuwa umefika, uwape jibu lako waliandike. Mwanamke mwingine wa Tabora atauliza swali lile la hatua ya saba mwakani, na wewe utakuwa umo kwenye hesabu.